Visiwa vya Göteborg kwa tiketi ya tramu, boti ya watalii ya nini?

Kila mgeni akitua Göteborg, huku Uswidi, anaambiwa yaleyale, ukitaka visiwa tafuta boti ya watalii, kuna muongozaji, kuna lanchi, yani hela ambayo ukiipiga kwa shilingi unapata kizunguzungu. Jamani! Boti za Saltholmen ni usafiri wa umma, tiketi ya tramu, ile treni ya barabarani, ndo hiyohiyo ya boti. Tramu namba 11 mpaka mwisho, ukishuka gati lile pale.

Ya mara moja ni krona 30 na kitu ila inaisha baada ya dakika 90, kwa hiyo mi nachukua ya masaa 24, mia na ushee, narukaruka visiwa mpaka miguu iseme basi.

Na wale wa "nenda na gari", shemeji yangu ni mmoja wao. Siku ile alishikilia tutumie lake, tukazungukaaa kutafuta pakingi pale Saltholmen huku boti tunaiona inafungua kamba inaondoka zake. Na visiwa vyenyewe vile vya kusini havina magari! Wenyeji wana vipikipiki vya matairi matatu vyenye kichanja mbele, anapakia saruji, anapakia watoto. Kisiwa cha Köpstadsö ndo wamezidi, matoroli yamejipanga gatini, mtu akishuka na mifuko yake ya dukani anavuta toroli lake huyo anasukuma hadi nyumbani.

Sasa hiki hapa hamtaambiwa na mtu. Jumapili ya Julai jua likiwaka, jioni wote wanarudi mjini kwa mpigo, na gati la Skäret kisiwani Styrsö linafurika kama Kigamboni asubuhi. Boti ina idadi yake, ikijaa imejaa, hakuna cha kubembeleza. Mimi siku ile na shem nilivyoona foleni nikageuza, nikashika njia ya Donsö, kuna daraja linaunganisha hivi visiwa viwili, nusu saa hivi kwa mguu. Shem akacheka, "Dada umepotea, mjini ni huku!" Nikamwambia baki. Kumbe boti inatokea kisiwa cha Vrångö, inagusa Donsö kwanza ndo ije Styrsö. Nikapanda bila kusukumana, nikachagua dirisha, nikamimina chai. Tulivyofika Skäret waliingia wachache tu mlango ukafungwa, na shem wangu huyo, kapakata kiatu anakung'uta mchanga, macho yakagongana. Nikampungia kikombe.

Koti la upepo beba hata kama mjini mnatembea na fulana, na chakula pia, nje ya kiangazi migahawa mingi kule imefungwa na utakula upepo. Mi chapati hazikosi kwenye begi. Vrångö anza asubuhi maana ndo mbali kuliko vyote, kuna njia za mbao kwenye miamba, raha tupu.

Shem alifika usiku. Gari lake nililiacha hukohuko Saltholmen, funguo alikuwa nazo yeye, mi nikarudi na tramu.