Staji za vijijini: tuanze na muuguzi anayempokea mwanafunzi

Vyuo vya afya vya Bukavu huwapeleka wanafunzi kufanya staji, yaani mafunzo kwa vitendo, vijijini, Walungu, Kaziba, Kalehe na hata ng'ambo ya maji, Idjwi. Mimi ni mwalimu wa uuguzi na ninaziamini sana staji hizo, ndiyo maana inaniuma kuona zinavyoandaliwa kwa haraka, kana kwamba kazi ya chuo humalizika mwanafunzi anapofika mlangoni pa kituo cha afya.

Katika hospitali kubwa za mjini, mwanafunzi humkuta mgonjwa akiwa amekwisha kuonwa na wengine, maabara iko jirani na daktari haitwi kutoka mbali. Kijijini, muuguzi mkuu wa kituo ndiye anayemwona mgonjwa kwanza, akifuata ordinogramu, yaani chati ya hatua za kumchunguza na kumtibu mgonjwa, na ndiye anayeamua nani atibiwe pale pale na nani apelekwe hospitali kuu ya rufaa ya zoni ya afya, yaani eneo linalounganisha vituo kadhaa, uamuzi ambao wakati wa mvua unaweza kumaanisha mama mjamzito kubebwa kwa kipoyi, machela ya mabegani, hadi barabarani. Huko ndiko mwanafunzi anakoelewa kwamba mtoto ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu, ukipimwa kwa utepe wa rangi, uko chini ya milimita 115 ana utapiamlo mkali, kwamba mwenye miguu iliyovimba kwa utapiamlo huhesabiwa hivyo hivyo hata kama utepe haujafika kwenye nyekundu, na kwamba maswali anayomwuliza mama kuhusu shamba na chakula cha nyumbani ni sehemu ya matibabu.

Muuguzi huyo huyo husimamia chanjo, dawa na ripoti ya kila mwezi, kisha huletewa barua ya chuo na kundi la vijana wasio na mahali pa kulala. Hakuandaliwa kufundisha, wala halipwi kwa kufundisha. Si ajabu vijana wakaishia kunakili madaftari ya wagonjwa. Kwa maoni yangu, wanafunzi wanapotozwa ada ya staji, sehemu yake ingefaa ifike katika kituo kinachowapokea, muuguzi aalikwe chuoni mapema ili tukubaliane naye mwanafunzi afanye nini, na alama anazotoa yeye ziwe na uzito kuliko ripoti iliyochapwa vizuri. Pia kundi liwe dogo, nyumba itafutwe kabla ya safari, na hali ya usalama wa njia iulizwe kwa daktari mkuu wa zoni.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010, na likarudia mwaka 2021, kwamba wanafunzi wa afya wafanye mazoezi vijijini, kwa sababu hilo husaidia kuwapata watakaokubali kufanya kazi huko. Sisi wa Kivu Kusini tuna sababu nyingine tena: aina mpya ya mpox iliyojulikana mwaka 2023 ilitambuliwa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, si hapa Bukavu. Nataka mwanafunzi wangu ajue kutembea na wahudumu wa kujitolea wa kijiji, asikilize wanachokiona, na aandike taarifa siku hiyo hiyo.

Jambo la kuanzia ni orodha ya vituo. Tukae na madaktari wakuu wa zoni tuichague upya, tukiangalia nani ana uwezo na nia ya kufundisha, na kituo kisicho na mtu wa kusimamia ujazaji wa partogramu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, kisipelekewe wanafunzi wa ukunga, hata kikiwa kando ya barabara.