Potifolio yangu mtandaoni: nilivyoijenga na ushauri nilioutupa

Ukitaka kujua una mabingwa wangapi wa tovuti kati ya marafiki zako, tangaza kwamba unajenga yako. Mimi ni mpigapicha: napiga watu, mavazi na mafundi wakiwa kazini. Nilipotamka tu kwamba nataka mahali pangu pa kuonyesha kazi, ushauri ukamiminika. Weka muziki. Weka video inayojicheza yenyewe mtu akifungua. Weka kila kitu, mteja aone umefanya mengi. Aliyeshupalia muziki hana tovuti mpaka leo.

Huo wa kuweka kila kitu ndio ulioniudhi zaidi, kwa sababu ukiusikia unadhani una akili. Anayefungua potifolio ni mhariri au mteja mwenye haraka, analinganisha wapigapicha kadhaa kwa mpigo. Akikutana na picha ishirini kali na kumi za wastani, zile kumi ndizo zitakazompa shaka: huyu mwenyewe haoni tofauti?

Kwa hiyo kompyuta niliiacha kwanza. Nilichapisha picha zangu ndogondogo kwenye karatasi ya kawaida, nikazikata, nikazitandaza sakafuni chumba kizima. Kisha nikawa nawaita watu wasiojua lolote kuhusu upigaji picha, mmoja mmoja. Namwacha aangalie kidogo, nafunika zote kwa shuka, namuuliza: "Umeona nini?" Weee! Hapo ndipo nilipojua nina picha gani. Zilizotajwa na wengi zilibaki. Ambazo hakuna aliyezitaja ziliondoka, ikiwemo moja niliyoamka usiku wa manane na kulala kifudifudi kwenye tope kuipata. Mtazamaji hajui tope langu, na wala halimhusu.

Sakafu hiyohiyo ndiyo iliyonipa menyu. Nilikuwa nimepanga kugawa kazi zangu kwa miaka, lakini kila nilipozisogezasogeza karatasi zilijikusanya mafungu matatu: Watu, Mavazi, Mafundi. Basi menyu ikawa hayo matatu, Kuhusu Mimi na Mawasiliano, basi. Rafiki mmoja alitaka sehemu ya mavazi niiite "Minong'ono ya Nyuzi". Nilimshukuru. Anayetafuta picha za mavazi abofye Mavazi.

Ujenzi wenyewe hauna hadithi. Nilichukua kiolezo, nikaondoa mapambo yake karibu yote, nikaacha mandhari nyeupe na maandishi meusi. Nilikazania zaidi inavyoonekana kwenye simu, kwa sababu wengi wanaotumiwa kiungo hukifungulia hapohapo kwenye simu.

Sasa kisa cha vazi jekundu. Nina picha ya mwanamke aliyevaa gauni jekundu, rangi inawaka mpaka unaona joto. Nikaipandisha kwenye tovuti, nikaifungua: gauni limepauka kama limefuliwa kwa jiki. Mtaalamu mmoja akaniambia skrini yangu ni mbovu, ninunue nyingine, na akanitajia ya bei ambayo ningeweza kununulia lenzi. Mwingine akasema niongeze tu ukali wa rangi mpaka iwake tena. Nikaongeza, uso wa yule dada ukawa wa chungwa.

Nikaacha kuuliza watu nikaanza kuiuliza picha. Nilichukua faili langu la kwanza kabisa, kabla halijapunguzwa, nikalifungua kwenye kivinjari kilekile, kwenye skrini ileile. Nyekundu imerudi! Skrini ikawa huru. Nikafungua lile lililopita kwenye programu ya kupunguza ukubwa: limepauka. Mwizi akapatikana. Kamera yangu nilikuwa nimeiweka Adobe RGB, mfumo wa rangi wenye upana zaidi kuliko sRGB, ule wa kawaida mtandaoni. Faili la namna hiyo kwa kawaida hubeba ndani yake profaili ya rangi inayokieleza kivinjari namna ya kusoma tarakimu za rangi. Programu ile, katika kubana kilobaiti, iliitupa profaili hiyo. Kivinjari kisipoiona huchukulia kwamba picha ni sRGB, na rangi zinapooza. Dawa ni kuibadilisha picha iwe sRGB wakati wa kuitoa, ndipo uipunguze. Na angalia sana: programu nyingi zina amri mbili zinazofanana, moja ya kubadilisha rangi zenyewe na nyingine ya kubandika jina la profaili tu. Ukibandika tu, unarudi kwenye jiki.

Programu hiyohiyo hufuta pia taarifa za mahali picha ilipopigwa, na hilo nalipenda, maana watu wengine nimewapiga majumbani mwao. Ila hufuta na jina la mwenye picha, kwa hiyo jina langu nalirudisha baadaye.

Ukubwa je? Picha kutoka kwenye kamera yangu hupita megabaiti kumi. Mimi hupunguza upande mrefu uwe pikseli 2,000 hivi na kuzitoa kwa WebP, aina ya faili la picha ambayo mara nyingi huwa nyepesi kuliko JPEG bila jicho kugundua. Kisha nazima Wi-Fi na kufungua tovuti kwa simu mahali mtandao unapokwamakwama. Nikianza kuguna, picha bado ni nzito.

Kila picha niliiandikia maelezo yake, yale yanayosomwa na programu za wasioona. Usiandike "picha 14". Andika "Seremala akipiga randa ubao, maranda yamemwangukia miguuni". Injini za utafutaji nazo huyasoma.

Fomu ya mawasiliano niliiondoa baada ya ujumbe wa majaribio kuishia kwenye barua taka. Nimeweka anwani ya barua pepe wazi, herufi kubwa.

Kuhusu fedha, sehemu kubwa ni jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, na mahali pa kuhifadhi tovuti. Soma bei ya mwaka wa pili, kwa maana bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Fundi aliyenisaidia kuunganisha mambo alitaka nilipie cheti cha usalama, wakati shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure. Nilipomwambia hivyo akahamia kwenye kikoa: alitaka akisajili kwa jina lake "ili usisumbuke". Nikamwambia, kaka, acha nisumbuke. Kwa jina langu, kwa barua pepe yangu. Akanuna kidogo, akaniletea hesabu ya kazi iliyovimba. Nikalipa alichofanya, na jioni ileile nikabadilisha nywila zote.