Harold Evans na kadi ya mfukoni ya tajiri wake

Watu wa habari wakianza kumzungumzia Harold Evans lazima waanze na ujasiri. Jasiri, mpambanaji, mhariri bora kuwahi kutokea Uingereza, na kweli wanahabari wenzake wa kule waliwahi kumpigia kura ya namna hiyo. Mi sikatai. Ila kila nikisoma habari zake naona kuna mtu anarukwa hapo katikati, nae ni tajiri wake, yaani mwenye gazeti. Maana mhariri huyu huyu mwenye ubishi ule ule kwa tajiri mmoja alikaa kwenye kiti miaka 14, akahamia kwa tajiri mwingine akadumu kama mwaka hivi, basi.

Jamaa hakutoka kwa wakubwa. Kazaliwa 1928 Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, baba yake mtu wa reli, dereva wa treni. Enzi hizo magazeti makubwa ya London yalikuwa yamejaa watoto wa Oxford na Cambridge, we mtoto wa dereva wa treni mwenye lafudhi ya kaskazini nafasi yako ilikuwa gazeti la mtaani kwenu, na ndipo alipoanzia akiwa na miaka 16, kwenye gazeti la kila wiki la Ashton-under-Lyne. Akaitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, kikosi cha anga, akatoka akaenda Chuo Kikuu cha Durham, kisha Manchester Evening News kama mhariri msanifu, ile kazi ya kukatakata makala za wenzio na kuzitungia vichwa vya habari ambayo hakuna anayekushukuru ila kosa likitokea wote wanajua ni wewe.

1961 akapewa The Northern Echo, gazeti la mji wa Darlington. Gazeti la mkoa tu, ingawa lina historia yake, W.T. Stead, mwanahabari maarufu yule aliyekufa na Titanic, aliwahi kulihariri. Hapa ndo Evans alipojifunza mchezo wake, na mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza mgumu kuufanya: ukishika stori usiiachie. Siyo unaandika leo ukurasa wa kwanza wiki ijayo umehamia kwingine. Unaandika, unaandika tena, unaandika mpaka wasomaji wako mwenyewe wanaguna, na bado unaandika.

Alisikia kwamba British Columbia kule Kanada wanawapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi mapema na vifo vinapungua, akajiuliza kwa nini Uingereza hawafanyi. Akamtuma ripota akachimbe, wakaandika, wakawasukuma wabunge na wizara mpaka upimaji wa nchi nzima ukaanzishwa. Na kuna hii ya Timothy Evans (hawana undugu, majina tu), kijana wa Wales aliyenyongwa 1950 kwa kosa la kumuua mwanae mchanga kwenye nyumba namba 10 Rillington Place, London. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa jirani wa chini, John Christie. Miaka mitatu baadae zikakutwa maiti za wanawake ndani ya nyumba ile ile, muuaji Christie, nae akanyongwa. Sasa hapo mtoto mdogo angefikiri serikali itasema samahani tulikosea. Haikusema. Ilichukua mpaka 1966, baada ya kampeni ndefu ambayo gazeti la Darlington lilikuwa mstari wa mbele, ndo malkia akatoa msamaha kwa mtu ambaye yuko kaburini miaka 16.

1967 akapewa The Sunday Times, gazeti kubwa la Jumapili la London. Na hapa sasa anaingia tajiri.

Roy Thomson alikuwa Mkanada, mfanyabiashara haswa, anapenda hela na hafichi. Lakini alikuwa na kitu kimoja cha ajabu, alitembea na kadi mfukoni iliyochapishwa msimamo wake kwamba yeye haingilii kinachoandikwa kwenye magazeti yake. Mwanasiasa au tajiri mwenzie akimfata kulalamika, anatoa kadi. Kwa hiyo hapo una mhariri mbishi na mwenye mali anayekaa pembeni, halafu miaka ya 70 Thomson akaingia kwenye mafuta ya Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo hela ya kuvumilia hasara ipo. Ukiniuliza mi siri ya Sunday Times ya Evans nusu yake ni hiyo.

Nusu nyingine ni thalidomide.

Thalidomide ni dawa iliyotengenezwa Ujerumani na kampuni ya Grünenthal, dawa ya usingizi na kutuliza, wajawazito wakawa wanapewa kwa ajili ya kichefuchefu cha asubuhi. Uingereza iliuzwa na Distillers kuanzia 1958 mpaka mwisho wa 1961. Watoto wakazaliwa bila mikono, bila miguu, wengine viganja vimeota begani, inakadiriwa ni watoto kama 10,000 duniani. Na Distillers hao ni nani? Ni wauza pombe kali, hao hao wa Johnnie Walker. Madawa yalikuwa biashara ya pembeni tu.

Wazazi wakaenda mahakamani, na hapo ndo ilipozikwa stori. Sheria ya Uingereza ilisema kesi ikiwa mahakamani gazeti likiandika kitu cha kuweza kuegemea upande mmoja ni kudharau mahakama, mhariri unaweza kwenda jela. Huku kwetu tumerithi sheria hizo na kila mtu anaijua ile sentensi ya viongozi, hilo suala liko mahakamani siwezi kulizungumzia. Sasa fikiria kesi inakaa mahakamani miaka kumi! Miaka yote hiyo kampuni imekaa kivulini, magazeti kimya, wazazi wanalea watoto wenye ulemavu bila msaada. 1968 familia chache zikakubali kulipwa asilimia 40 ya kile ambacho wangepata kama wangeshinda kesi. Baadae kwa watoto zaidi ya 300 waliobaki kampuni ikaja na mfuko wa pauni milioni 3.25, na masharti ni kwamba wazazi wote wakubali, akigoma hata mmoja hakuna hela. Kuna baba mmoja aligoma.

Evans alikuwa ana makabrasha ya ndani ya kampuni, gazeti lilikuwa limeyanunua kabisa (na hili wapo waliomlaumu, kulipia ushahidi sio jambo dogo), lakini kuyachapa hawezi. Akafanya kitu ambacho mi naona ndo akili kubwa kuliko yote aliyofanya. Akatenganisha. Uzembe wa kampuni kisheria hatuugusi kwa sasa, tunaandika haki ya kibinadamu: hawa watoto hawa hapa, pesa mlizoahidi ndo hizi, hamuoni aibu? Septemba 24, 1972 makala ya kwanza ikatoka, na wiki iliyofuata ikatoka nyingine, na iliyofuata. Mbunge Jack Ashley akaibeba bungeni, watu wakaanza kususia pombe zao, wenye hisa wakaanza kuwasumbua wakurugenzi. Distillers walikuwa watangazaji wakubwa sana wa Sunday Times na matangazo yao wakayaondoa. Hapo ndo unajua kama kadi ya mfukoni ni ya kweli au ni mapambo, na Thomson hakumpigia simu kumwambia apunguze. 1973 kampuni ikaweka pauni milioni 20.

Makala nyingine aliyoiandaa, ya jinsi dawa ilivyoingizwa sokoni, serikali ikaizuia mahakamani. Mahakama ya Rufaa ikaruhusu, mabwana wa House of Lords, ambayo enzi hizo ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa, wakazuia tena. Evans akaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na 1979 majaji 11 dhidi ya 9 wakasema Uingereza imevunja uhuru wa habari. Kura mbili tu. Uingereza ikalazimika kubadili sheria yake ya kudharau mahakama mwaka 1981.

Mambo mengine ya miaka ile nayapitia haraka maana ni mengi: Kim Philby, jasusi wa Uingereza aliyekuwa akiwafanyia kazi Warusi kisirisiri, ndege ya Turkish Airlines iliyoanguka karibu na Paris 1974 ikaua watu 346 na timu yake ya uchunguzi, Insight, ikafatilia mlango wa mizigo uliofunguka angani mpaka mwisho, shajara za waziri Crossman ambazo serikali haikutaka zitoke.

Kilichomuangusha hakikuwa serikali. Vyama vya wafanyakazi wa uchapaji na menejimenti waligombana kuhusu mitambo mipya, The Times (gazeti la kila siku, nalo la Thomson) na Sunday Times zikafungwa karibu mwaka mzima, 1978 mpaka 1979. Mzee Thomson alikuwa ameshafariki 1976. Mwanae Ken akavumilia, waandishi wakalipwa mishahara muda wote gazeti halitoki, halafu 1980 waandishi wa The Times nao wakagoma. Hapo hata ningekuwa mimi ningeuza, na akauza. Evans alijaribu kukusanya watu wainunue Sunday Times wenyewe, haikuwa. Magazeti yote mawili akayachukua Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti kutoka Australia, mwaka 1981, kwa ahadi za maandishi kwamba wahariri watakuwa huru, na serikali ya Thatcher ikapitisha bila kuipeleka kwenye tume ya ukiritimba, ile inayochunguza kama mtu mmoja anashika soko kupita kiasi.

Murdoch akampandisha Evans kwenda The Times. Mpaka leo sielewi kwa nini alikubali. Sunday Times alikuwa na watu wake wa miaka, kule anaingia peke yake kwenye chumba cha habari ambacho wengi hawamtaki, juu yake kuna tajiri ambaye kadi hana. Machi 1982, amemzika baba yake juzi tu, akaambiwa ajiuzulu. Aligoma siku kadhaa akaondoka. Mwaka uliofuata akaandika kitabu akamsema Murdoch yote, na ahadi zile za maandishi hazikumsaidia kitu.

Akahamia Marekani na mkewe Tina Brown, nae mhariri mkali. Akaanzisha jarida la Condé Nast Traveler, akawa bosi wa Random House mpaka 1997, akapewa u-Sir 2004, akafariki New York Septemba 2020 na miaka 92. Kote huko hakuhariri tena gazeti, na hilo linaniuma kidogo.

Grünenthal wenyewe waliomba radhi hadharani 2012, miaka 50 na ushee tangu dawa iondolewe sokoni. Evans alikuwa na miaka 84, na miaka miwili baadae ikatoka filamu ya dokumentari ya kampeni ile ya thalidomide, mzee yuko mbele ya kamera anaielezea tena upya.