Utumbo wa Lyon: jioni na mdogo wangu kwenye bouchon

Nilipanda treni Paris saa nne asubuhi, stesheni yenyewe inaitwa Gare de Lyon, na saa sita na dakika kadhaa nikawa nimeshashuka Lyon Part-Dieu, safari ya kilometa zaidi ya 400 kwa masaa mawili tu. Njia hiyo ndo ya kwanza kabisa kupita TGV, zile treni za kasi za Ufaransa, tangu 1981. Mdogo wangu alikua ananisubiri chini ya ule ubao wa treni, kajifunika koti na skafu mpaka puani, nikampita, akaniita "dada!" nikageuka. Miaka mitatu hatujaonana. Tukakumbatiana palepale katikati ya njia, watu wakawa wanatuzunguka na mabegi yao ya kuburuta.

Tukaenda kwanza chumbani kwake, Guillotière, mtaa una maduka ya Waafrika, Waarabu na Wachina, mihogo ipo, mchele wa gunia upo, mpaka pilipili mbuzi nimeziona. Tukakaa tukapiga stori tukajisahau, tunatoka kwenda kula ni saa nane na nusu. Aisee, kila mgahawa tunaougusa jiko limefungwa! Ndo nikajifunza, Ufaransa chakula cha mchana ni kuanzia saa sita hadi kama saa nane, ukipitiliza hapo subiri jioni, saa moja au moja na nusu, na hawana ugomvi na wewe, ni kwamba mpishi naye anapumzika. Tukanunua mkate na jibini tukala kwenye benchi kando ya mto Rhône, baridi ya Novemba inakata masikio.

Mdogo wangu akasema poa, maana jioni ameshabuku meza kwenye bouchon. Kwa wasioijua, bouchon ni migahawa midogo ya Lyon ya chakula cha nyumbani, meza kumi hivi, vitambaa vya mirabaraba nyekundu na nyeupe, viti vimebanana mpaka kiwiko chako kinagusana na cha jirani. Niseme ukweli mi kabla ya hapo nikisikia "mgahawa wa Kifaransa" nilikua nawaza sahani kubwa katikati kuna kipande kama kidole gumba, na bei ya kukufanya usilale. Ndo maana naandika hii, maana najua wengi tunawaza hivyo.

Tulipanda kwa miguu kutoka Place des Terreaux kuelekea mlima wa Croix-Rousse, ngazi kwa ngazi. Huko juu ndo walikua wanaishi wafumaji wa hariri, waliitwa canuts, na ukiangalia yale majengo utaona madirisha marefu sana, kwasababu mashine zao za kufumia zilikua ndefu zinahitaji dari karibu mita nne. Hawa watu walifanya kazi ngumu kwa malipo madogo mpaka wakaasi, 1831 na tena 1834. Na chakula cha bouchon kinatokana na watu wa namna hiyo, wa kazi, wasio na hela ya nyama ya paja. Kwahiyo ni utumbo, ini, miguu ya nguruwe, kichwa cha ndama, vile vitu tajiri aliviacha buchani, wao wakakaa navyo jikoni mpaka vikawa vitamu.

Tukafungua mlango. Mdogo wangu akaninong'oneza, "dada sema bonsoir kwanza kabla ya kitu kingine chochote". Nikasema. Yule mama mwenye mgahawa, mtu wa makamo, aproni kiunoni, akainua kichwa akaitikia kwa uso wote, akatuonyesha meza ya pembeni karibu na kaunta. Kumbe ni kama hodi kwetu, huwezi kuingia kwa mtu ukaanza kuuliza bei. Nimesikia watu wanalalamika wahudumu wa Ufaransa wana roho mbaya, mi nahisi wengi wao waliruka salamu.

Menyu imeandikwa kwa chaki kwenye ubao, na ubao wenyewe anaubeba anakuja kuusimamisha kwenye kiti mbele ya meza yenu, anawaelezea kimoja kimoja. Chakula cha kuanzia, chakula chenyewe, na kitamu cha mwisho, euro 29 vyote vitatu. Maji ya jagi ni bure, hiyo ni sheria kabisa, mkate bure, na hela ya huduma imeshaingia humohumo kwenye bei. Jirani zetu walikua wanakunywa divai ya Beaujolais kwenye kichupa cha kitako kinene kinaitwa pot, kinaingia sentilita 46, ndo kipimo cha Lyon hicho.

Mdogo wangu akaagiza quenelle, samaki wa mtoni anasagwa anachanganywa na unga, mayai na siagi, inafinyangwa inaokwa mpaka inaumuka, juu sosi ya kamba wa maji baridi. Mi niliposikia tablier de sapeur ni utumbo, sikuuliza la pili.

Sahani ikaja. Kipande kikubwa kama kiganja kilichokunjuliwa, kimepakwa chenga za mkate kikakaangwa kikawa rangi ya dhahabu. Jina maana yake ni aproni ya sapeur, yaani ile ya ngozi waliyovaa wanajeshi wa uhandisi. Nikakata kwa kisu, na pale kwenye mkato nikaona vile vyumba vyumba kama sega la nyuki. Nikaacha kisu. Yaani ni utumbo uleule, sehemu ileile, ambayo mama yetu alikua anaigeuza na kuikwangua kila alfajiri nyuma ya kibanda chake Msamvu, Morogoro, mi nimeshika kibatari na huyu mdogo wangu kalala kwenye kanga juu ya gunia la mkaa. Mama ametulea kwa kazi ya mama ntilie, supu asubuhi na wali mchana, madereva wa mabasi na makuli ndo wateja wake. Huu wa Lyon nje ulikua unalia kru, ndani laini, umelowekwa kwenye divai nyeupe kwahiyo una uchachu kwa mbali, na pembeni sosi nzito ya mayai na majani. Sijala utumbo wa kukaanga hivyo maisha yangu yote.

Ukutani palikua na picha ya zamani ya mwanamke mnene, kavaa nyeupe, nikauliza ni nani. Ni Eugénie Brazier. Nikaelezwa habari zake nikasahau kula. Kazaliwa 1895 kijijini, mama yake kafa yeye bado mtoto, akalishwa kwa kuchunga mifugo kwenye mashamba ya watu, akazaa hajaolewa, akaja Lyon kutafuta kazi za ndani. 1921 akafungua kimgahawa chake mtaa wa Royale, na 1933 akawa mtu wa kwanza duniani kuwa na nyota sita za Michelin, kile kitabu kinachopima migahawa, tatu kwa mgahawa wa mjini na tatu kwa wa pili aliokua nao nje ya mji, mlimani. Paul Bocuse ambaye wapishi wote wanamtaja kajifunza jikoni kwake. Na hakua peke yake, Lyon walikuwepo wanawake wengi hivyo, wanaitwa "mères", kina mama, wengi walikua wapishi kwenye nyumba za matajiri kabla hawajafungua za kwao. Kina mama! Mji mzima umejengewa jina na mama ntilie, na picha zao zinatundikwa ukutani.

Mdogo wangu akamwambia yule mama mwenye mgahawa kwa Kifaransa kwamba na sisi tumelelewa na mpishi wa utumbo. Huyo mama akavuta kiti akakaa. Akauliza mnasafishaje, mnachemsha muda gani, mnaweka nini. Nikawa naeleza, mdogo wangu anatafsiri, maji moto, ndimu, chumvi, tangawizi nyingi, unachemka mpaka unakatika, halafu ndizi mbichi. Kwenye ndizi akanisimamisha, akataka nirudie.

Mwisho akatuletea cervelle de canut, jina ni ubongo wa mfumaji, nikashtuka, kumbe ni jibini laini kama mtindi mzito, ina vitunguu na majani yamekatwakatwa, unapaka kwenye mkate. Na kipande cha tart ya praline, yaani keki bapa ya lozi zilizopakwa sukari, rangi ya waridi imekolea, tamu sana kwangu, mdogo wangu akamaliza ya kwake na yangu.

Tulikaa pale masaa matatu na hakuna aliyetuletea bili. Usipoiomba haiji, meza ni yenu usiku mzima. Miaka mitatu ya simu za kukatikakatika, tukaimaliza palepale mezani, mengine ya kucheka, mengine mdogo wangu alikua hajawahi kuniambia, kuhusu mwaka wake wa kwanza hapa na upweke wake, nikamshika mkono tu.

Asubuhi nikampigia mama video, nikamuonyesha picha ya sahani. Akaiangalia kimya, akaniambia niikuze. Bei nilipomtajia, zaidi ya elfu sabini kwa mtu mmoja, hakusema kitu. Akasogeza simu karibu na macho, akauliza, "Na ule weusi wa ndani, waliukwangua wote?"

Nikamwambia wote mama, ulikua mweupe kabisa.

"Haya," akasema, "basi wanajua kazi."