Mbwa mwenye rasta wa Njiro

Watoto wa mtaani kwetu Njiro wanamwita Rasta, na siwalaumu. Manyoya yamejisokota kamba nene mpaka karibu na ardhi. Akilala hujui kichwa kiko wapi. Fundi bomba mmoja aliwahi kuinama amwokote akidhani ni dekio!

Ni puli, mbwa mchungaji wa Hungaria. Kwao huko, puli aliswaga kondoo mchana, na komondor, mbwa mwingine mkubwa wa huko, akalinda usiku. Puli karibu watoweke, hadi mwaka 1912 daktari wa mifugo Emil Raitsits alipoanza kuwazalisha upya katika bustani ya wanyama ya Budapest.

Bosi wangu akisafiri, mimi ndiye mlezi. Hachanwi kwa kitana. Manyoya laini ya ndani hushikana na yale magumu ya nje, nawe unazitenga kamba kwa vidole, moja moja, zisigandane kama mkeka. Masika ndiyo balaa: namwogesha Jumamosi asubuhi, Jumapili jioni mashina bado yana unyevu, na usipomkausha vizuri ananuka kama godoro lililonyeshewa. Kupe nao hujificha humo humo, kwa hiyo kila jioni napapasa.

Ni mwerevu, ila mbishi, na mdomo haufungi. Juzi mbuzi wa Baba Neema waliingia uani. Rasta akawazunguka, akawabana wote kwenye kona ya ukuta, hakuuma hata mmoja. Nani alimfundisha? Si mimi.

Baba Neema akauliza, "Huyu mnamuuza bei gani?"

Nikamwambia aje kwanza amwogeshe.