Nimeachana na linki za wizi

Msimu uliopita, dakika ya 88, kona inapigwa, linki ya wizi niliyotumiwa ya kutazama mpira mtandaoni ikaganda. Yakafunguka matangazo ya kamari, moja juu ya jingine, kisha simu ikaniambia nipakue "kicheza video" nisichokijua. Nilifunga kila kitu. Bao nililisikia kwa kelele za majirani.

Tangu siku hiyo, kabla ya mechi natazama kwanza nani ana haki ya kuonyesha ligi hiyo katika nchi niliyopo, maana haki huuzwa nchi kwa nchi. Na si lazima ulipe kila mara, jamani! Kombe la Dunia la Klabu 2025, DAZN, huduma ya kutazama michezo mtandaoni, walionyesha mechi zote 63 bure, kujisajili tu.

Kwenye simu nashusha ubora wa picha ili bando lisiishe kipindi cha kwanza. Kwenye televisheni naweka programu rasmi ya mwenye haki na kuchomeka waya wa intaneti moja kwa moja. Picha imetulia kabisa. Kompyuta ya zamani nayo naiunga na televisheni kwa waya wa HDMI, ule wa kupitisha picha na sauti. Ingieni kwenye akaunti mapema, msisubiri filimbi.