Kazi ya Watu wa Mshahara

"Kusubiri ni kazi ya watu wa mshahara." Shosho (nyanya) alisema hivyo Jumanne, amesimama langoni na jembe begani, na mpaka leo sijapata la kumjibu. Nimelitafuta nikiosha vyombo, nimelitafuta ndani ya matatu ya Nakuru, hata kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya shemeji mdogo (ilienda vizuri, picha zitakuja) bado nilikuwa nalitafuta.

Mlioulizia bustani: ndiyo, jalidi, umande unaoganda, ilishuka mwezi jana. Huku Molo kiangazi ni hivyo, mchana jua kali, usiku anga haina wingu hata moja, na baridi yote inateremka kuja kulala bondeni kwetu. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Kufikia saa sita majani ya parachichi, ya matunda damu na ya bogenvilia yalikuwa meusi, kama yaliyomwagiwa maji moto. Mtu wa Kisumu kama mimi akiona hivyo anaanza kulia msiba.

"Mama Kui," Shosho akaniuliza, "hii miti unaichunga ama unaizika?"

"Nangoja, mama."

"Unangoja nini?"

Nikamweleza. Kwaruza gome kwa ukucha: kukiwa kijani chini yake, tawi liko hai, kukiwa kahawia na kukavu, limekufa. Hata lililokufa lisikatwe sasa, kwani haijulikani kifo kimeishia wapi, na ukikata mapema mti hutoa machipukizi laini ya kuchomwa na jalidi ijayo. Mbolea ya kukuzia ingoje. Shina lililobaki uchi lipakwe chokaa, jua lisilibabue. Mengi ya hayo nimefundishwa na dada yangu aliye Texas. Yeye aliiona ile baridi ya Februari 2021 iliyoacha mamilioni ya watu bila stima, na jirani zake waliokimbilia misumeno walijuta. Shosho alisikiliza yote, akahamishia jembe bega la pili, ndipo akatoa lile neno lake.

Watu wa mshahara! Huo wa Desemba wenyewe nimeuona juzi.

Jana jioni nilimpelekea maziwa. Sikuwa nimeteremka kwenye shamba lake la chini, la kunyweshea, tangu Krismasi. Mashina ya viazi yamerundikwa pembeni, meusi yote, na yeye ameinama anaokota vile vidogo vidogo vilivyokuwa vimeanza kushika. Mbegu alinunua kwa mkopo wa chama, kikundi cha kukopeshana. Lazima shamba ligeuzwe kabla ya mvua ya Machi, na chama hakingoji. Viazi havina gome la kukwaruza. Nikachukua ndoo tukaokota wote, tukisema habari za ruracio.

Leo asubuhi parachichi la karibu na choo limechipua! Nilifurahi mpaka nilipochuchumaa: chipukizi limetoka chini ya kiungo cha kupandikizia. Hilo si Hass, aina ya parachichi niitakayo, ni la ule mti wa kienyeji uliobebeshwa Hass. Nimelinyofoa. Parachichi la pili, juu ya kiungo, bado lina kijani, kwa hiyo naendelea na kazi yangu.

Ila Alhamisi mpimaji wa ardhi anakuja kugawa shamba, na shemeji mkubwa hajapokea simu ya mtu yeyote tangu ruracio.